Mwenye Nyumba ya Dawa

Mwaka 1908, kiangazi kilipokuwa kimeanza na umande wa milima ungali mzito asubuhi, wahesabuji wa kodi ya nyumba walipanda Uluguru wakafika Mihange. Walikuwa watatu: karani wa akida mwenye daftari, askari mwenye bunduki, na Jumbe Pazi wa kijiji, aliyetangulia mbele kwa kuwa yeye ndiye aliyezijua nyumba.

Walimkuta Chausiku amepiga magoti ndani ya nyumba ya dawa, akipuliza moto. Kuni zilikuwa zimeloweshwa na ukungu, moshi ulimwingia machoni, na machozi yakimtiririka hakuyafuta, maana mikono yake ilikuwa imeshika vijinga. Nyumba hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote za Mihange. Kuta zake zilipakwa udongo mweupe, mlango wake ulielekea njiani, na ndani yake mlikuwa na kitanda cha miti na uchaga wa kuwekea sanduku la dawa. Kitanda hakijalaliwa na mtu. Uchaga ulikuwa mtupu.

"Hii ya nani?" akauliza karani.

Chausiku alingoja kwanza kuamkiwa, kwa kuwa karani yule alikuwa wa umri wa kuwa mwanawe. Hakuamkiwa. Karani alikwisha kuchovya kalamu katika wino, na askari alikwisha kuegemea mwimo wa mlango.

Katika Mihange mtu hasemi kwamba nyumba haina mwenyewe. Nyumba isiyo na mwenyewe ni ile iliyofiwa na watu wake wote, ikaachiwa mchwa na mizimu. Kuitamkia hivyo nyumba iliyo hai ni kuiitia msiba, na ikiwa ni nyumba inayomngoja mganga, ni kumwambia mganga arudi alikotoka. Ndiyo sababu ilikuwa na moto. Nyumba isiyopikwa ndani yake wala kuotwa moto hupoa, na nyumba iliyopoa haikaliki tena. Kila asubuhi Chausiku aliuwasha moto ule, kwa kuwa alikaa karibu na kwa kuwa alikuwa na sababu kuliko wengine. Na aliyepiga magoti mekoni ndiye mwenye kuitika kwa ajili ya nyumba. Mama yake angeitika vivyo hivyo.

"Ni yangu, mwanangu," akasema. "Karibuni moto."

Karani akamwuliza jina lake, akaliandika. Askari akachora alama ya chokaa juu ya mlango. Jumbe Pazi alikuwa akiitazama migomba kama mtu aliyepotelewa na kuku, mpaka walipoondoka.

Sababu ya Chausiku ilikuwa mjukuu wake, Mwaisha, mtoto wa miaka sita. Ndui ilipopita Mihange masika mawili nyuma, ilimchukua binti yake wa pekee, mama wa mtoto huyo, pamoja na watu kumi na wanane. Kwa Waluguru ukoo hushuka kwa mama. Dada zake Chausiku walikwisha kufa bila kuacha binti, yeye mwenyewe alikwisha kukoma kuzaa, kwa hiyo tumbo zima la bibi yake, pamoja na mashamba yake na makaburi yake, lilikuwa limebaki kwa kitoto kimoja chembamba kilichopenda kuhesabu vidole vya wageni. Mndewa, mkuu wa ukoo, alikuwa amemwambia Chausiku wazi: akifa huyu, jina letu litatajwa katika matambiko ya watu wengine tu.

Baada ya ndui ile, akida alikuja. Aliitwa Hatibu, mtu wa pwani, mwenye kanzu safi na maneno laini. Aliwakusanya watu akawaeleza kwamba kodi wanayolipa haiendi yote ng'ambo. Nusu yake hubaki wilayani, na kule bomani kuna baraza la mabwana ambalo kazi yake ni kuigawa nusu hiyo kwa visima, madaraja, shule na dawa. Yuko mchanjaji, akasema, mwenye dawa ambayo mtu akichanjwa mkononi ndui haimwui. Kijiji kitakachomjengea nyumba kwa mikono yake chenyewe, baraza litakitanguliza.

Watu wa Mihange ni wagumu wa kutoa jasho lao kwa maneno ya mgeni. Hata hivyo waliijenga nyumba ile kwa siku ishirini. Wanaume walikata miti juu karibu na msitu, wanawake wakabeba udongo mweupe kutoka korongoni. Modesta, jirani yake Chausiku, aliyekuwa amebatizwa na mapadre na ambaye ukoo wake na ukoo wa Chausiku ni watani wa kuzikana tangu zamani, alisimama katikati ya kazi akasema kwamba nyumba imezidi uzuri, na kwamba watani wake kwa uvivu wao watajisingizia ugonjwa ili wakalale humo. Uso wa Modesta ulikuwa umejaa mashimo ya ndui. Yeye ilimpata utotoni ikamwacha. "Mimi sichanjwi," alisema. "Mimi nilichanjwa na Mulungu, uso mzima, tena bure." Watu walicheka mpaka wakaweka mizigo chini.

Akida alikuja kuitazama nyumba, akaisifu, akaandika. Hiyo ilikuwa kabla ya vuli. Vuli ikapita, masika yakapita.

Siku ya kulipa kodi ilipofika, Chausiku alishuka kwa akida na rupia tatu alizozifunga katika pindo la kaniki yake. Alikuwa ameuza mbuzi wawili na maharage yote ya akiba ili azipate. Karani akazipokea, akatazama daftari, akangoja.

"Bado tatu," akasema. "Una nyumba mbili."

Chausiku alieleza. Alieleza kwa utaratibu, kama mtu anayemweleza mtoto njia ya kwenda kisimani, kwamba nyumba yake ni moja, na ile nyingine ni ya dawa, ya watu wote. Karani akaenda kumwita akida, naye akatoka akaketi barazani. Jumbe Pazi alikuwapo, ameketi chini pamoja na majumbe wengine.

"Bibi Chausiku," akasema Akida Hatibu kwa upole, "mimi sikukuita mwenye nyumba. Ulijiita mwenyewe."

"Niliitika, Bwana Akida. Nisingeweza kusema kwamba haina mwenyewe."

"Kwa nini usiweze?"

"Ingekufa."

Baadhi ya watu waliokuwa wakingoja zamu yao walicheka. Wa milimani hawakucheka.

"Basi umekosea hapo," akasema akida. "Boma halitozi kodi nyumba zilizokufa. Ungesema imekufa, leo usingedaiwa."

Chausiku akamgeukia Jumbe Pazi, akamwomba aseme anavyojua. Pazi alikuwa mpwa wa marehemu mumewe. Alikula kwake alipokuwa mtoto. Naye alijua vema kwamba nyumba ambayo haina wa kuitika huandikwa juu ya jumbe. Alikuna goti lake.

"Mimi nilisikia alivyosema," akajibu. "Alisema ni yake. Hata karibu alitukaribisha."

Hapo Chausiku aliacha habari ya rupia, akauliza habari ya mchanjaji. Akida akashusha pumzi. Alisema baraza la bomani limekaa, nalo limeona heri kutanguliza barabara ya Mzumbe, kwa sababu katika baraza hilo wamo mabwana wa mashamba, na mazao yao yanataka kufikishwa kwenye reli. Barabara ikiisha, zamu ya dawa itafika.

"Barabara kwanza, bibi. Pasipo barabara, mchanjaji atapita wapi?"

"Pale pale alipopita mwenye kudai kodi," akasema Chausiku.

Safari hii hakuna aliyecheka. Akida akamwambia karani amwandikie kipande cha siku thelathini. Asiye na rupia hulipa kwa mikono. Kazi ilikuwa ile ile ya barabara ya Mzumbe.

Chausiku alimwacha Mwaisha kwa Modesta. Mtoto hakulia, alitaka kujua thelathini ni vidole vya watu wangapi. Modesta akamwambia ni vya watu watatu, lakini bibi yake kwa uvivu wake ataifanya kazi ile kwa vidole vya watu sita. Kisha akamshika mtani wake mkono, akamwambia kwa sauti nyingine kwamba atakachokula mwanawe ndicho atakachokula huyu.

Kambi ya barabara ilikuwa mwendo wa nusu siku kutoka Mihange. Wanaume walichimba kwa sululu, wanawake wakabeba kokoto kwa vikapu na kuzimwaga palipochimbwa. Kipande kilikuwa karatasi ngumu yenye vyumba thelathini, na kila jioni mnyapara, jina lake Stambuli, alitia alama katika chumba kimoja. Aliyechelewa hakutiwa alama. Aliyeumwa hakutiwa. Siku ambayo mvua ya kiangazi ilinyesha wakazuiwa kufanya kazi, hakuna aliyetiwa. Aliyeondoka bila ruhusa, kipande chake kilichanwa akaanza upya na chumba cha kwanza. Mambo haya Stambuli aliyatangaza siku ya kwanza bila ukali, kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Chausiku alikuwa mzee kuliko wote waliobeba vikapu. Utosi wake ulichubuka siku ya tatu. Akajifunga kata ya majani ya mgomba, akaendelea. Alipofika chumba cha kumi na nane, mwanamke wa milimani aliyeshuka kuuza ndizi kambini alileta habari kwamba wapagazi waliotoka njia ya Gairo walilala kijiji cha jirani na Mihange, na mmoja wao aliachwa pale kwa kuwa alishindwa kusimama. Uso wake ulikuwa umevimba.

Chausiku alimwendea mnyapara.

"Baba, nina mtoto nyumbani."

"Kila mtu ana mtoto nyumbani."

"Ndui imefika karibu. Nipe siku mbili nimtoe, nimpeleke mbali. Nitarudi nizilipe."

Stambuli alikitazama kipande chake. "Umebakiwa na siku kumi na mbili. Ukienda sasa, utarudi udaiwe thelathini, na mimi nitamtuma askari akufuate, na mtoto atakaa na nani? Kaa umalize, bibi. Ukimaliza utakwenda moja kwa moja, wala hakuna atakayekuita tena."

Halikuwa shauri baya. Hilo ndilo lililomshinda Chausiku. Alilipima siku nzima chini ya kikapu, na kila alipolipima lilikuwa sawa. Akamwomba mwuza ndizi amfikishie Modesta ujumbe: mtoto aondolewe kijijini, akalale kibandani shambani, asiletewe mgeni, asishikwe na mtu ila Modesta mwenyewe. Mwuza ndizi akachukua ujumbe. Chausiku akaendelea kubeba.

Chumba cha ishirini na tisa kilipokuwa bado hakijatiwa alama, jua likiwa utosini, Gabrieli, mume wa Modesta, alitokea kwenye ukingo wa barabara. Hakuja karibu. Alisimama, akavua kofia yake ya ukindu, akaishika kwa mikono miwili. Chausiku aliitua kokoto yake polepole, akaimwaga mahali pake, akasawazisha kwa mguu, ndipo alipomwendea.

Mnyapara alipoambiwa alikuwa na huruma. Alisema hiyo ya leo atamtilia alama, ingawa haijaisha. Akampa ruhusa ya siku ya kesho nzima, azike. "Kesho kutwa asubuhi uwe hapa. Umebakiwa na deni la siku moja."

Njiani Gabrieli alimweleza. Ujumbe ulifika, na Modesta alimpeleka mtoto shambani siku ile ile. Lakini mtoto alikwisha kucheza na watoto waliocheza na wengine. Homa ilimkuta kibandani. Wagonjwa walipozidi, watu waliwakusanya wote katika nyumba ya dawa, kwa kuwa ndiyo nyumba iliyokuwa kubwa, yenye kitanda, na isiyo na watu. Modesta, ambaye ndui haikumtaka tena, akawa ndiye mwuguzi wao. Mwaisha alikuwa wa kwanza kukilalia kitanda kile. Alikaa siku tisa.

Walifika jua likielekea kushuka. Watani walikwisha kumwosha maiti. Chausiku hakufunuliwa uso wa mtoto, wala hakuomba kufunuliwa. Kaburi lilichimbwa pembeni mwa kaburi la mama yake, na desturi ya watani ilifuatwa yote, kwa sababu ndiyo desturi na kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kufuata. Modesta aliingia kaburini, akajinyoosha humo kwa urefu wake wote, akakataa kutoka mpaka alipwe. Akamlaumu marehemu kwa sauti kubwa: mvivu wewe, mlafi wewe, umekula uji wangu siku tisa, sasa unakimbia bila kunisaidia hata kuosha chungu. Vichekesho hivi huwafanya wafiwa wacheke, na wakishacheka huweza kulia. Watu walingoja Chausiku acheke. Modesta akatukana tena, sauti ikamkatika katikati ya tusi, akatolewa kaburini kwa kuvutwa mikono.

Asubuhi yake askari wa akida walikuja. Walikuwa na amri: nyumba yoyote iliyolaza wagonjwa wa ndui ichomwe. Wagonjwa wanne waliokuwa hai wakabebwa nje, wakalazwa chini ya mapaa ya nyasi yaliyosimamishwa upesi upesi kando ya migomba. Kisha nyumba ya dawa ikatiwa moto. Miti yake ilikuwa imekaushwa vema na moshi wa miezi mingi; iliwaka bila kusumbua.

Chausiku alimwendea askari aliyekuwa karibu. Alimwuliza, kama mtu anayeuliza njia, ikiwa Bwana Akida sasa ataifuta ile nyumba ya pili.

Askari alikuwa yule yule aliyechora chokaa.

"Nyumba imeungua, bibi," akasema. "Daftari halijaungua."

Matanga yalikuwa hayajavunjwa. Mfiwa haondoki matangani, naye ni mfiwa mkubwa. Wanawake walimshika nguo, wakamwambia kwamba akivuka mto kabla ya siku ya kuvunja matanga, atavuka na msiba wake. Chausiku aliwaambia anadaiwa. Alikunja mkeka wake usiku wa manane wa kuamkia siku ya tatu tangu Gabrieli amjie, akashuka.

Kambini hawakumruhusu akaribie. Stambuli alimpangia kazi peke yake, hatua ishirini mbali na wenzake, akamwekea kikapu chini na kurudi nyuma kabla hajakiokota. Alibeba tangu asubuhi. Jua lilipokuwa limesimama, punda alionekana akija na sanduku mgongoni, na nyuma yake mtu mzima mwenye miwani na koti jeupe. Mnyapara akapiga filimbi. Watu wote wa barabara waliamriwa waweke zana chini, wapange mstari, wafunue mkono wa kushoto. Habari za ndui zilikuwa zimefika bomani, na boma halikutaka kazi isimame.

Ilikuwa mara ya kwanza Chausiku kumwona mchanjaji. Alimchanja yeye mwisho, baada ya watu mia na kumi, akiwa amejifunga kitambaa mdomoni. Alikuwa mtu mwenye adabu. Alimwamkia shikamoo, akamwomba radhi kwa maumivu, akaikwaruza ngozi yake mara nne kwa kisu kidogo kilichong'aa.

"Bahati yako, bibi. Mnyapara ananiambia leo ndiyo siku yako ya mwisho. Ungemaliza juzi, dawa hii ingekupita."

Chausiku aliutazama mkono wake.

"Mihange mtakwenda lini, baba?"

Mchanjaji akavuta karatasi kutoka katika mfuko wa koti, akapitisha kidole juu ya majina ya vijiji, kimoja baada ya kingine, mpaka chini. Kisha akaigeuza upande wa pili.

"Mihange imo huku," akasema. "Huku ni kwa vijiji ambavyo vimekwisha kusaidiwa. Imeandikwa kwamba nyumba ya dawa ipo, imekamilika, na inatunzwa. Kwa hiyo fungu lake limepelekwa kwingine. Mmebahatika nyinyi, wenzenu wengi hawana hata hiyo." Akaikunja karatasi, akafunga sanduku, akampiga punda kiganja. Alikuwa na kambi nyingine ya kufika kabla ya jioni.

Watu wakarudi kwenye sululu na vikapu. Jua lilipofika juu ya kilima filimbi ikapigwa, na wote wakaenda kutiwa alama. Chausiku alikwenda mwisho, akakiweka kipande chake juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua ishirini. Stambuli akakisogeza kwa ncha ya fimbo, akaitazama alama ya ishirini na tisa, akatazama jua.

"Mlisimama mstarini muda mrefu," akasema. "Muda wa dawa si muda wa kazi. Wenzako nitawadai muda huo kesho. Wewe huna kesho."

"Vikapu vingapi?" akauliza Chausiku.

Mnyapara alifikiri. Alisema vitano.

Chausiku akajitwika cha kwanza. Mkono wa kushoto ulikuwa umeanza kuuma na kuwa mzito, kwa hiyo alikishika kikapu kwa mkono wa kulia peke yake, akapita mbele ya watu waliokwisha kuketi kungoja kibaba chao cha unga. Akaenda na kurudi. Alipomwaga cha tano, mnyapara alitia alama katika chumba cha thelathini, akamwambia hadaiwi tena. Chausiku akakitazama kikapu, akainama, akakijaza mara nyingine, akakipeleka, akakimwaga. Kisha akakijaza tena.

"Basi, bibi," akasema Stambuli. "Imetosha."

Chausiku alisawazisha kokoto kwa mguu. "Hicho ni cha siku mliyonipa nizike," akasema, akarudi kuchukua kingine.